Kabla ya kuilaumu kemo, tuikumbuke klorokwini

Mtu yeyote wa Lamu aliyetimia miaka hamsini anaikumbuka klorokwini, ile dawa ya malaria. Uchungu wake ulikaa mdomoni mpaka jioni, na ukishaimeza unawashwa mwili mzima, unajikuna usiku kucha mpaka unatafuta gunzi la mahindi likusaidie. Tulivumilia kwa sababu homa ilishuka. Kisha ikaingia miaka ya 1980 na homa zikaanza kukaidi. Mtoto anamaliza dozi yake, siku ya tatu mwili bado unachemka. Mwaka 1998 Kenya ikaiondoa klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria, ikaleta Fansidar na jamaa zake, na hizo nazo hazikudumu. Mwaka 2004 ukapitishwa uamuzi wa kuhamia dawa za mseto zenye artemisinini, ambazo zilianza kuenea zahanatini mwaka 2006.

Katika misukosuko yote hiyo, watu wa pwani walielewa jambo lenyewe bila mhadhara wa mtu. Malaria imeizoea dawa, basi. Hapakuwa na haja ya kumtafuta mchawi wala kumshuku daktari.

Ila saratani ikifanya jambo lile lile, tunageuka watu wengine. Mama wa Shela au Kizingitini anapata saratani ya matiti, anapigwa kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, uvimbe unasinyaa, jamaa wanasoma maulidi ya shukrani. Mwaka mmoja na nusu baadaye ugonjwa unarudi, safari hii kwenye ini au mifupani, na dawa iliyousinyaza mwanzo haiuwezi tena. Hapo maneno ndipo yanapoanza. Daktari alikosea. Dawa zilikuwa feki. Kile kisu cha kutolea kinyama cha kupimwa ndicho kilichousambaza. Kuna mtu kafanya jambo. Mimi nasema kilichotokea ni kile kile kilichotokea kwa klorokwini, na tukikielewa hivyo tutaona pia kwamba umbali wetu, umaskini wetu na kuchelewa kwetu haviishii kwenye usumbufu wa safari. Vinaingia mwilini na kuisaidia saratani kuishinda dawa.

Kufanana huko si kwa juu juu. Kimelea cha malaria hula himoglobini ndani ya chembe nyekundu ya damu, na klorokwini hukiulia ndani ya kifuko kinamomeng'enyewa chakula hicho. Kimelea sugu kina protini iliyobadilika kwenye ukuta wa kifuko hicho, na kazi yake ni kuitoa dawa nje kabla haijafikia kiasi cha kuua. Mwaka 1976 Rudolph Juliano na Victor Ling, wakifanya kazi Toronto, walieleza protini nyingine kwenye ngozi ya seli zilizokuwa zimekataa dawa. Wakaiita P-glikoprotini. Nayo ni pampu. Dawa inaingia, pampu inaitema. La ajabu ni kwamba haichagui sana: seli iliyojaza pampu hizi kwa sababu ya dawa moja huwa imejikinga pia na dawa nyingine kadhaa ambazo haijawahi kuonja, zikiwemo vinkristini na doksorubisini, dawa za kawaida kabisa katika wadi za saratani.

Kisa cha verapamili ndicho kinachonifurahisha zaidi katika habari hii yote. Hii ni dawa ya moyo na presha, ya siku nyingi. Mwaka 1981 Takashi Tsuruo na wenzake huko Japani walionyesha kwamba ukiiweka pamoja na vinkristini, seli za saratani ya damu zilizokuwa sugu zinaanza kufa tena, kwa sababu verapamili inaiziba ile pampu. Miaka sita baadaye watafiti wengine wakaijaribu kwa vimelea vya malaria vilivyokataa klorokwini, na vimelea vikalegea. Dawa moja ya presha, maadui wawili wasiojuana, hila moja. Kwa muda ilionekana kama ufunguo umepatikana. Haukupatikana. Kiasi cha verapamili kinachotosha kuziba pampu mwilini mwa mtu kinauvuruga moyo wake. Tena pampu hiyo si mali ya saratani peke yake. Utumbo, ini, figo na mishipa ya ubongo huitumia kutoa sumu, kwa hiyo ukiizima kila mahali unamtia sumu mgonjwa mwenyewe. Dawa bora za kuziba pampu zilitengenezwa baadaye, na katika majaribio kwa wagonjwa hazikuleta faida iliyotarajiwa.

Hapa niseme neno kuhusu vinkristini, maana nimeshaulizwa habari zake. Inatokana na lile ua la pinki au jeupe lenye petali tano, linaloota mchangani bila kumwagiliwa, mpaka makaburini. Asili yake ni Madagaska. Ndiyo, limo uani kwako. La, usilichemshe. Mgonjwa mtu mzima hupewa miligramu zisizozidi mbili kwa mara moja, zilizochujwa kutoka katika rundo kubwa mno la majani makavu, na dozi ikipita kipimo kidogo tu neva za miguu na matumbo huharibika. Chungu cha jikoni hakina kipimo hicho, na majani hayo yana kemikali nyingine nyingi zenye sumu.

Turudi kwenye usugu. Watu husema saratani "imejifunza" kuikwepa dawa, na hata waandishi wa sayansi huandika hivyo. Kwa sehemu kubwa haijifunzi kitu. Uvimbe wa sentimita moja, kama punje ya njugu mawe, una seli kadiri ya bilioni moja. Kila seli inapogawanyika hunakili jeni zake zote, na kila nakala ina makosa yake. Saratani nyingi hunakili ovyo kuliko seli zenye afya. Kwa hiyo kabla dripu ya kwanza haijatundikwa, ndani ya uvimbe huo huenda tayari zimo seli chache ambazo, kwa bahati tu, dawa hiyo haiziwezi. Luria na Delbrück walilithibitisha jambo hili kwa bakteria mwaka 1943: mabadiliko hutangulia, shambulio huja baadaye na kuchagua. Mwaka 1976 Peter Nowell, Mmarekani, akaieleza saratani nzima kwa mtazamo huo, kwamba ni ukoo wa seli unaotawanyika katika matawi, na kila tawi linashindana na jingine. Kemo inaua matawi yaliyo dhaifu kwake. Uvimbe unasinyaa kwa asilimia 90, tunashangilia, na zile seli chache zilizobaki zinapata nafasi na chakula ambavyo zamani zilinyang'anyana na wengine.

Mwaka 1979 Goldie na Coldman wa Kanada walilipigia hesabu jambo hilo. Kadiri seli zinavyokuwa nyingi, ndivyo uwezekano wa kuwemo angalau moja sugu unavyopanda, na hupanda kwa kasi. Yaani mtu aliyekuja na uvimbe wa sentimita moja na mtu aliyekuja na wa sentimita nane hawatofautiani kwa ukubwa wa kazi tu. Wa pili ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa amekuja na ukoo wenye wajumbe wanaoijua njia ya kutokea. Dawa ni ile ile, daktari ni yule yule.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaolichukulia suala la kuchelewa kama suala la ustaarabu, eti watu wa visiwani hawajaelimika. Mwanamke wa Faza aliyeona kivimbe mwezi wa Rajabu na kutolewa kinyama baada ya Mfungo Tatu hakukosa elimu. Alikosa boti la siku ile, akakosa nauli ya siku ya pili, akangoja mume arudi kutoka baharini, akapelekwa kwanza kwa aliye karibu. Sina ugomvi na kombe (maandishi ya aya yanayooshwa na kunywewa) wala ruqya (kisomo cha kumtibu mgonjwa). Mtu anywe kombe akiwa njiani kwenda hospitali, na akishafika aendelee kulinywa kama daktari wake hana pingamizi. Ugomvi wangu ni na ile miezi mitano na zaidi, kwa sababu seli hazikuwa zimesimama zikisubiri.

Na hii imani kwamba kisu husambaza saratani inatokana na miezi hiyo hiyo. Watu wameona kwa macho yao: fulani alikuwa anatembea, akatolewa kinyama, baada ya muda mfupi akafa. Wamekiona kweli. Lakini alikuja ugonjwa ukiwa umeshafika mapafuni, kisu kikaja baada ya msambao, na anayeangalia kwa nje huona kisu kwanza.

Sasa, si kila usugu ni wa jeni. Mwaka 2010 watafiti wa Boston walieleza seli za saratani zinazonywea tu dawa inapoingia. Hazina badiliko lolote jipya la jeni. Zinapunguza kugawanyika, zinabana matumizi, na kwa kuwa dawa nyingi huzipiga seli zinazogawanyika, hizi zinapitwa. Dawa ikiondoka, baadhi huamka na kuwa kama mwanzo, na ukizishambulia upya zinakufa kama kawaida. Nyingine, katika muda huo wa kujificha, hupata mabadiliko ya kudumu. Hapa neno "kujifunza" nitaliruhusu kidogo.

Mfano wazi zaidi wa mchezo huu ni Glivec, au imatinibu. Katika aina moja ya saratani ya damu, vipande vya kromosomu mbili hubadilishana nafasi na kuunda protini inayoiamuru seli igawanyike bila kukoma. Imatinibu hujibana kwenye kishimo cha protini hiyo na kuizima. Marekani iliiidhinisha Mei 2001, na watu waliokuwa wanahesabiwa miaka michache wakaanza kuishi kama wenye kisukari, kwa kidonge cha kila siku. Mwaka huo huo wa 2001 ikatangazwa kwamba kwa baadhi ya wagonjwa kishimo kile kimebadilika, herufi moja tu ya jeni, na kidonge hakiingii tena. Likaitwa badiliko la T315I. Zikaja dasatinibu mwaka 2006 na nilotinibu mwaka 2007, zikayaweza mabadiliko mengi lakini si hilo. Ponatinibu ya mwaka 2012 ndiyo iliyotengenezwa ikaweza, na nayo ina hatari ya kuganda kwa damu. Saratani ya mapafu ina mfululizo wake unaofanana na huo: dawa, badiliko, dawa ya kulipiga badiliko, badiliko juu ya badiliko.

Kenya imepata Glivec ya bure kwa wagonjwa wengi kupitia mpango wa msaada wa kimataifa ulioanza miaka ya mwanzo ya 2000, kliniki yake ikiwa Nairobi. Kwa hiyo dawa ya bei ya ajabu ilikuwepo, bila malipo. Basi tatizo limekwisha? Tuangalie walichokiona hospitali ya Hammersmith, London, na kukichapisha mwaka 2010. Waliweka chupa za vidonge zenye kifuniko kinachorekodi kila kinapofunguliwa, wakawafuatilia wagonjwa 87 waliokuwa wakitumia dawa hiyo kwa miaka. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya vidonge vyao, karibu wote ugonjwa ulishuka hadi kiwango cha chini sana. Waliomeza asilimia 90 au pungufu, chini ya theluthi moja ndio waliofika huko. Hao ni watu wa London, wenye treni mlangoni na hospitali isiyowadai pesa. Asilimia kumi ya vidonge ni siku tatu kwa mwezi. Siku tatu, kwa mtu wa Kiunga, ni boti moja iliyoahirishwa kwa sababu ya kusi.

Kemo ya dripu ina hesabu yake. Mizunguko mingi hupangwa kila baada ya siku 21, na namba hiyo haikuokotwa. Uboho unahitaji muda wa kurudisha chembe nyeupe za damu, na uvimbe usipewe muda wa kujijenga. Ukiuvuta mwanya huo hadi siku 35, uboho unakuwa umeshapona zamani, na siku zilizobaki ni za uvimbe peke yake, tena za zile seli zilizookoka dripu iliyopita. Lamu hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300 baada ya kuvuka kwenda Mokowe. Barabara hiyo tunaijua. Baada ya mashambulizi ya mwaka 2014 kulikuwa na vipindi vya mabasi kutembea kwa msafara wa polisi tu. Mvua za El Niño za Novemba 2023 ziliikata kabisa. Mgonjwa wa kemo alikuwa wapi siku hizo? Alikuwa nyumbani Langoni akihesabu tarehe.

Kisha pesa. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ilipoanza Oktoba 2024 ilitenga Sh400,000 kwa kaya kwa mwaka kwa matibabu ya saratani, na Sh150,000 zaidi kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Kwa baadhi ya tiba zilitosha, kwa nyingine zilikwisha katikati ya mizunguko, na kaya haikuulizwa ina wagonjwa wangapi. Mimi ningependa anayepanga viwango hivyo akae na mtu wa maabara saa moja tu. Tiba iliyolipiwa nusu si nusu ya faida. Inaweza kuwa imeua seli zilizokuwa zinakufa kirahisi na kuziachia uwanja zile ngumu, halafu fedha zikaisha.

Njia iliyozaa matunda tangu zamani ni kupiga kwa dawa kadhaa kwa pamoja, na huhitaji kwenda mbali kuielewa: kifua kikuu hutibiwa kwa dawa nne mwanzoni, na kidonge cha virusi vya Ukimwi kina dawa tatu ndani yake. Seli ikiiweza moja, nyingine itaipata. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alichapisha habari za watoto wa saratani ya damu waliopata nafuu kwa dawa moja, na ugonjwa ukawarudia. Miaka ya 1960 Frei, Freireich na wenzao wakathubutu kuchanganya nne, vinkristini ikiwemo, na hapo ndipo njia ya kuponya ilipofunguka. Hata uvimbe wa taya wa watoto aliouandika Denis Burkitt wa Kampala mwaka 1958, ambao ukanda wake unaugusa mwambao wetu huu wenye malaria, huyeyuka kwa siku chache kwa dawa, lakini ukirudi baada ya tiba pungufu ni shida kuutoa.

Kuna njia mpya inayonivutia, nayo inaturudisha kwenye klorokwini. Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993. Baada ya miaka vimelea sugu vikatoweka, na jaribio la Blantyre lililochapishwa mwaka 2006 likaonyesha dawa ile ya zamani ikiponya karibu watoto wote. Kilifi nako, baada ya 1998, watafiti waliona vimelea sugu vikipungua, japo polepole. Sababu ni kwamba usugu una gharama. Kimelea chenye protini iliyogeuzwa huendesha maisha yake kwa shida kidogo, na dawa isipokuwepo wenzake wepesi humpita. Robert Gatenby wa Florida akajiuliza kama saratani nayo inaweza kutibiwa hivyo. Wagonjwa wa saratani ya tezi dume iliyosambaa walipewa dawa ya abirateroni mpaka PSA, kipimo cha damu kinachoonyesha nguvu ya saratani hiyo, kikashuka kwa nusu, dawa ikasimamishwa, seli zinazoathirika na dawa zikaachwa zirudi na kuzibana zile sugu, kisha dawa ikaanza tena PSA ilipofika ilipokuwa mwanzo. Matokeo ya kwanza, ya wagonjwa 11 tu, yalichapishwa mwaka 2017. Walikaa muda mrefu kuliko kawaida kabla ugonjwa haujawashinda, wakitumia chini ya nusu ya dawa. Ni wachache mno kujengea sera, na hakuna aliyedai wameponywa.

Naogopa aya hii isije ikasomwa vibaya pale barazani. Hao hawakuacha dawa. Walisimamishwa na daktari, siku aliyoichagua yeye, kwa namba iliyotoka maabara, na damu ikipimwa kila mwezi. Mzee wa Pate aliyekosa vidonge wiki sita kwa sababu ya nauli hafanyi tiba ya Gatenby. Uvimbe wake umepumzika bila mtu kuutazama.

Kwa hiyo kila nikisikia mwanasiasa akiahidi mashine kubwa ya kukatiwa utepe, mimi huuliza habari za mambo madogo. Kinyama kikitolewa Lamu, majibu yanarudi baada ya siku ngapi? Nani anampigia simu mgonjwa siku ya 22 asipotokea? Nauli ya mgonjwa na mtu mmoja wa kumshika mkono imo kwenye bajeti ya dawa, au inangojea mchango wa WhatsApp? Vidonge kama tamoksifeni, ambavyo ni rahisi na humezwa kila siku kwa miaka mitano, vinapatikana kisiwani bila kukatika? Mashine ikifika nitafurahi. Lakini damu ya kipimo cha PSA inaweza kutolewa Faza ikasafiri yenyewe kwa boti la asubuhi, majibu yakarudi kwa simu jioni, na mzee akabaki kwake.